Kuuza Samani za Zamani Kabla ya Kuhama: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Nimehama mara sita. Mara mbili za kwanza niliuza vyombo vya nyumba kwa bei ya kutupa, mara ya tatu nikabeba kila kitu halafu nikagundua nusu yake haiingii. Kuanzia hapo watu wakawa wananiuliza, na maswali ni yaleyale.

Nianze kuuza lini?

Wiki sita hadi nane kabla ya siku ya kuhama. Najua inaonekana mapema mno, ndiyo maana wengi huanza zikiwa zimebaki siku tano na kuishia kumshukuru mtu aliyechukua kabati kwa bei ya stuli. Mnunuzi wa samani zilizotumika ana pua kali. Akisikia tu kwamba lori linakuja Jumamosi, bei yako imeshashuka kabla hajafungua mdomo. Unachouza kwanza, utake usitake, ni siku ulizobakiza. Zikiwa nyingi unaweza kusema hapana.

Anza na vile ambavyo hukosi usingizi vikiondoka: rafu ya vitabu, meza ndogo za pembeni, kitanda cha wageni, kabati la vyombo vinavyotolewa mara mbili kwa mwaka. Makochi na meza ya kulia vifuate katikati. Kitanda unacholalia, kiti cha kukalia na kabati la nguo za kila siku viache mwisho kabisa.

Lakini "mwisho" ni mwisho wa kukabidhi, si wa kuuza. Watu wengi husahau kwamba unaweza kuuza leo ukakabidhi wiki tatu zijazo. Mnunuzi anatoa kianzio, theluthi moja hivi, mnaandikiana karatasi: kitu gani, bei yote, alicholipa, kilichobaki, tarehe ya kuja kuchukua, na kianzio kitakuwaje asipotokea. Kila mtu abaki na nakala. Watu wazima wawili wakiandikiana hawagombani sana.

Nitajuaje kipi niuze na kipi nihame nacho?

Chukua futi ya kupimia uende nayo kwenye nyumba mpya. Pima vyumba, lakini zaidi ya vyumba pima mlango wa kuingilia, kona ya ukumbi, ngazi na kimo cha dari. Kochi linakwama kwenye kona, halikwami sebuleni.

Kwa makabati marefu kuna mtego ambao hata wabebaji wazoefu huusahau. Kabati lenye kimo cha sm 230 linaonekana litasimama vizuri chini ya dari ya sm 235. Ila kabati huingizwa likiwa limelazwa, na wakati wa kulisimamisha kona yake ya nyuma hupanda juu zaidi ya kimo chenyewe. Likiwa na kina cha sm 60 linahitaji karibu sm 238 ili lizunguke, kwa hiyo litagota darini na kubaki limeinama kama mlevi. Kabati hilo ama libomolewe vipandevipande au liuzwe.

Kabati letu la kwanza fundi alilitengenezea ndani ya chumba. Siku ya kuhama vijana wanne walilizungusha, wakalilaza, wakalisimamisha, mlango ukalikataa. Fundi alikuwa ameliunganisha kwa misumari na gundi, hakuna skrubu hata moja ya kufungua. Tulimwachia mpangaji aliyefuata kwa pesa iliyotosha kuwalipa wale vijana wanne, basi.

Ukishapima, linganisha gharama. Uliza bei ya lori dogo na ya lori kubwa. Kama tofauti kati ya hayo mawili inasababishwa na seti ya makochi iliyochoka, makochi hayo yanakudai nauli kubwa kuliko thamani yake.

Bei niweke ngapi?

Pungufu ya ile uliyonayo kichwani. Sikutanii. Mwaka 1990 Daniel Kahneman, Jack Knetsch na Richard Thaler walichapisha majaribio ambamo baadhi ya wanafunzi walipewa vikombe, kisha wakaulizwa wangeviuza kwa kiasi gani. Wenye vikombe walitaka zaidi ya maradufu ya kile ambacho wenzao wasio navyo walikuwa tayari kulipa. Hicho ni kikombe ambacho mtu amekuwa nacho kwa dakika chache. Fikiria sasa meza ambayo watoto wako wamefanyia kazi za shule miaka kumi.

Kwa hiyo usianze na bei uliyonunulia. Tafuta vitu kama chako vilivyotumika, angalia vinavyotangazwa kwa kiasi gani, halafu angalia vipi vinatoweka haraka na vipi vinabaki wiki hadi wiki. Vile vinavyobaki vinakufundisha bei isiyolipika. Weka bei ya chini kabisa moyoni, iandike mahali mwenzako anapoiona ili msigongane mbele ya mteja, kisha tangaza asilimia 15 hadi 20 juu yake. Wiki ikipita bila mtu hata wa kuja kutazama, shusha. Wakija wengi siku ya kwanza, ulikosea upande wa pili, na hilo nalo lina maumivu yake.

Kwa nini kabati la rafiki yangu limeuzwa vizuri na langu, jipya zaidi, halitakiwi?

Huenda la kwake ni mbao na la kwako ni unga wa mbao. Samani nyingi za siku hizi zimetengenezwa kwa vipande au nyuzinyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, kisha juu zikabandikwa karatasi ngumu yenye picha ya mbao. Zikiwa mpya zinapendeza. Maji ndiyo adui yake: tazama kingo za chini, pale dekio linapopita kila siku, utaona zimevimba kama mkate uliolowa. Tena kila unapozifungua na kuzifunga upya, tundu la skrubu hulegea kidogo, ndiyo maana kabati la namna hiyo likihama mara mbili huanza kuyumba.

Kutambua ni rahisi. Vuta droo, ipindue, tazama ukingo ambao haukupambwa. Mbao halisi mistari yake huendelea kutoka juu hadi kwenye ukingo. Ya kubandika mistari hukatika ghafla, na ukikwangua kidogo kwa ndani unaona chembechembe. Droo ambazo pembe zake zimechongwa meno yakashikana bila msumari ni dalili ya kazi ya fundi makini, zipige picha na kuzitaja kwenye tangazo.

Kama lako ni la unga wa mbao, uza haraka, bei ndogo, bila kulibomoa ikiwezekana. Hilo si la kusubiria bei.

Nikarabati kwanza au niuze hivyohivyo?

Safisha, kaza, ishia hapo. Kubadilisha kitambaa cha kochi au kupiga rangi upya ni pesa ambayo mara nyingi hairudi, kwa sababu mnunuzi ana rangi yake moyoni. Na kama kitu ni cha zamani sana chenye vanishi yake ya asili, kukikwangua kunaweza kuondoa hasa kile ambacho mjuzi alikuwa anakilipia. Rangi ya zamani sana inaweza pia kuwa na madini ya risasi, ambayo ni sumu, hivyo msasa mkavu ndani ya nyumba yenye watoto hapana.

Kaza skrubu za miguu. Weka gundi ya mbao kwenye kiti kinacholia, kifunge kamba usiku kucha. Kabati lenye harufu ya kufungiwa lifute kwa siki iliyochanganywa na maji, uache milango wazi mahali penye upepo. Halafu ile droo inayokwama, unayoipiga kiganja kila asubuhi: itoe, chukua kipande cha mshumaa, sugua reli zake na kingo za chini za droo mara tano sita, rudisha. Inateleza yenyewe. Mnunuzi hufungua droo kabla ya kitu kingine chochote, na mkono wake unaamua pale.

Nikiona dalili za wadudu nifanyeje?

Kunguni ukiwaona, usiuze. Wala usimpe mtu bure bila kumwambia. Tazama kwa tochi kwenye mishono ya godoro, nyuma ya ubao wa kichwani, kwenye viungo vya chaga na chini ya kochi pale kitambaa kilipopigiliwa. Unatafuta vidoa vyeusi kama ncha ya kalamu, magamba yaliyovuliwa, pamoja na wadudu wenyewe, bapa, wa kahawia, wakubwa wake wana mm 5 hivi. Kunguni anaweza kukaa miezi bila kula, kwa hiyo kuliacha kochi stoo wiki mbili hakumuui. Joto la nyuzi 50 za Selsiasi na zaidi humuua, lakini lazima lifike ndani kabisa ya sponji, na jua la uani mara nyingi huishia juu ya kitambaa. Ita wapuliziaji wanaojua kazi, au kitu kitupwe kikiwa kimechanwa na kuandikwa "kina kunguni" ili asije mtu kukiokota.

Mbao yenye vitundu vidogovidogo ni habari nyingine. Vitundu vinaweza kuwa vya zamani, bungua wameshaondoka. Fagia unga wote, tandika karatasi nyeusi chini, ngoja wiki mbili. Ukikuta unga mpya mweupe kama poda, bado wanatafuna. Kama karatasi ni safi, sema hivyo kwa mnunuzi na umwonyeshe. Mchwa wao hujulikana kwa vichuguu vyembamba vya udongo na mlio mtupu ukigonga mbao.

Tangazo liandikweje?

Picha kwanza, mchana, dirisha likiwa nyuma yako. Toa nguo juu ya kiti. Piga kitu kizima, pembeni, ndani ya droo, halafu piga kasoro kwa karibu. Watu huficha kasoro wakidhani wanavutia wateja. Wanachovutia ni watu watakaofika mlangoni, waone mkwaruzo, wadai punguzo la nusu.

Maneno yawe hivi:

"Meza ya kulia ya mbao ngumu, urefu sm 160, upana sm 90, kimo sm 75, pamoja na viti sita. Mguu wa kiti kimoja uliwahi kuvunjika, umeunganishwa kwa gundi na skrubu, tazama picha ya nne. Mikwaruzo midogo upande mmoja. Ipo ghorofa ya pili, hakuna lifti, njoo na mtu wa kukusaidia kubeba. Ichukuliwe kabla ya tarehe 20."

Vipimo ndivyo vinavyokuokoa na maswali mia. Neno la kuepuka ni "tunahama, kila kitu lazima kiondoke". Linashusha bei, na linamwambia kila mpita njia kwamba nyumba fulani karibuni itakuwa tupu. Hakikisha pia picha hazionyeshi namba ya nyumba, bahasha zenye jina lako mezani, au funguo.

Niuzie wapi?

Majirani na wafanyakazi wenzako kwanza: hawana nauli ya lori wala hawapotei. Kisha mitandao ya matangazo na makundi ya simu. Dalali na wenye maduka ya mitumba huchukua vyote kwa mkupuo na kukulipa kidogo, kwa sababu nao lazima wapate chao. Ukiwa na wiki mbili wakatae, ukiwa na siku mbili wapigie. Mnada unafaa kwa kitu adimu tu.

Mtu anaandika "mwisho ngapi?" hata kabla ya salamu. Nimjibuje?

Kwa upole na kwa swali. Mimi hujibu: "Karibu kaka, njoo uione kwanza, bei tutaongea." Ukitaja bei ya mwisho kwenye simu, hiyo itakuwa bei ya kuanzia mlangoni. Aliyefika, akakalia kiti, akafungua droo mara tatu, ameshatumia nauli na muda wake. Mazungumzo yenu yatakuwa ya watu wawili wanaotaka kumaliza.

Akitaka punguzo, badala ya kukata tu, ongeza kitu. "Bei hiyo siwezi dada, lakini chukua na kioo hiki." Kioo chenyewe ulikuwa hujui utakipeleka wapi. Na anayesema "nitakuja jioni" bila saa wala kianzio usimwekee kitu. Aliyefika na pesa ndiye mnunuzi.

Matapeli wanakuja vipi?

Kwa heshima sana, na bila kuuliza maswali. Mtu anayenunua kochi bila kuuliza vipimo, bila kutaka kuliona, na haombi punguzo hata kidogo, mtilie shaka.

Mchezo wa kawaida ni ujumbe bandia wa malipo. Anakuonyesha picha ya skrini au simu yako inapokea ujumbe unaofanana na wa kweli, na kijana wa pikapu yuko mlangoni ana haraka. Usiangalie ujumbe, fungua akaunti yako mwenyewe uone salio. Kama halijaongezeka, pikapu isubiri. Mchezo wa pili: "amekosea" akatuma nyingi, anaomba urudishe iliyozidi. Ile ya kwanza haikuwahi kuingia, au itabatilishwa baadaye. Utakayorudisha wewe ni yako ya kweli. Wa tatu anakuambia utapokea namba za siri kwenye simu ili "athibitishe kuwa wewe ni mtu halisi". Namba hizo ni ufunguo wa akaunti yako. Usimpe mtu yeyote.

Nimkaribishe mgeni nyumbani peke yangu?

Hapana. Awepo mtu mwingine, iwe mchana. Bora zaidi sogeza kitu kibarazani au chumba cha mbele, ili hakuna haja ya kumpitisha hadi chumbani na kumwonyesha kila ulicho nacho.

Godoro na kitanda cha mtoto vinauzika?

Godoro lenye umri mdogo, halina doa, lilikuwa na mfuko wake wa kulikinga, ndiyo. Lililobonyea katikati mpe mwenye mbwa.

Kitanda cha mtoto kitazame kwa jicho la mzazi. Nafasi kati ya fito isizidi sm 6, godoro lijae kiasi kwamba vidole viwili visipenye pembeni, na pasikosekane skrubu hata moja. Vile vyenye ubavu unaoshushwa na kupandishwa Marekani ilipiga marufuku kuvitengeneza na kuviuza, hata vilivyotumika, mwaka 2011, baada ya watoto kunaswa na kufa. Kama ni cha namna hiyo usikiuze, fito zake zitafaa kushikilia mimea bustanini.

Nani abomoe, mimi au mnunuzi?

Mkubaliane kabla hajafika. Mimi napenda aone kikiwa kimesimama, alipe, kisha tukibomoe pamoja. Piga picha kila hatua, weka alama kwa kalamu ya risasi upande usioonekana, skrubu zote ziingie mfuko mmoja ubandikwe kwa utepe wa gundi ndani ya droo. Kitanda bila skrubu zake ni kuni.

Je, vitu vya urithi?

Waulize ndugu kwanza, kwa sauti, kwenye simu, si kwa ujumbe. "Mama mdogo, ile sanduku ya bibi tunataka kuiuza, kuna anayeitaka?" Wape wiki moja. Atakayesema anaitaka, aje kuichukua ndani ya wiki hiyo. Wengi huitaka iendelee kukaa kwako. Na kabla ya kuuza kitu chochote cha zamani, toa droo zote nje kabisa, upapase nyuma yake. Nyuma ya droo ya dawati la baba yangu tulikuta cheti chake cha kuzaliwa, kimekunjwa mara nne, ambacho alikuwa amekitafuta mpaka akakata tamaa na kuomba kingine.

Zimebaki siku tatu na vitu bado vipo. Nifanye nini?

Acha kuuza kimoja kimoja. Unganisha: anayechukua meza apewe na rafu. Vilivyobaki toa bure, lakini kwa sharti la kuvichukua kesho, kwa sababu cha bure kina watu wengi wanaoahidi na wachache wanaokuja. Jumuiya za kutoa misaada huchukua vilivyo salama na vizima, wapigie mapema maana nao hupanga zamu za gari. Mbao nzima za kitanda kilichovunjika fundi seremala atazifurahia. Usiache kitu barabarani usiku ukijiambia atakiona mtu.

Tukiuza vyote mapema tutakalia nini?

Mikeka, mito, na viti viwili vya plastiki vinavyopandana. Sisi tulikula wiki nzima juu ya katoni lililogeuzwa, limeandikwa "vitabu, zito". Watoto walipenda sana, na tulipofika nyumba mpya walikataa kulifungua.